Akaunti ya Butoyi

Ujumbe uliingia Claudine akiwa anapiga pindo la sare ya shule: Umefikia kikomo cha matumizi ya bure. Lipia ili uendelee. Alitaka kuupuuza, maana simu za siku hizi hata usipozigusa zinakudai. Kisha akaona umekuja kwenye akaunti gani, na mguu wake ukasimama juu ya pedeli ya cherehani. Ilikuwa akaunti ya Butoyi. Na Butoyi, pacha wake, alikufa wakiwa na miaka minne.

Tuseme ukweli, kosa lilikuwa la Claudine, ingawa ni kosa la mapacha. Walizaliwa Mtabila, kambi ya wakimbizi, yeye Bukuru, mwenzake Butoyi, kama Warundi wanavyowaita pacha wa kwanza na wa pili. Butoyi alipozikwa, mama yao hakuacha kugawa: vikombe viwili vya uji, vitambaa viwili vya kichwa. "Usianze kitu kipya peke yako," alimwonya Claudine. "Mwenzio ataona wivu." Akakua hivyo. Hata alipoolewa na Isack na kuhamia Kasulu mjini, sufuria alinunua mbili mbili. Basi mteja mmoja alipomwekea kwenye simu ile akili mnemba, unayoiandikia ikakujibu kama mtu, Claudine alifungua akaunti yake, halafu akafungua nyingine kwa jina la Butoyi. Hakuwahi kuandika humo hata neno moja. Mazoea yana taabu.

Ya kwake ndiyo aliyoitumia, na aliitumia sana. Mama yake alirudishwa Burundi kambi ilipofungwa, akafia huko. Isack alikwenda machimboni Kahama, na huu ulikuwa mwaka wa tatu hapigi simu. Jioni majirani wakiita watoto wao kula, Claudine aliiuliza mashine kama vitunguu vitapanda bei, ilimradi naye aulizwe, "Na wewe umeshindaje leo?" Aliona aibu, mtu mzima, lakini alilisubiri swali hilo tangu mchana.

Sasa aliifungua akaunti ya Butoyi. Ilikuwa imejaa maandishi.

Dada yangu analala upande wa ukutani. Nifanye nini anisikie?

Mashine ilikuwa imejibu kwa upole, kama inavyomjibu kila mtu. Huenda amechoka. Mkaribie taratibu.

Nilimgusa shingo. Akadhani ni mbu.

Mkono wa Claudine ukapanda wenyewe shingoni. Akashuka hadi swali la mwisho, la mchana uleule: Mlango wake una komeo la chuma. Nipitie wapi? Jibu lilianza, Pole kwa hali hiyo. Njia rahisi ni, likakatikia hapo, na chini yake kulikuwa na kitufe cha kulipia. Nje mvua ilikuwa inapiga bati tangu saa saba, baridi ya milimani imeingia mpaka kwenye vitambaa, lakini chumba kilianza kunuka turubai lililochomwa na jua, turubai la kambini, na uji wa mgao ulioungulia chini, na harufu ile ikazidi kusogea kutoka pembeni mwa kitanda hadi ikawa nyuma ya kiti chake, karibu kabisa na sikio. Akatoka mbio bila viatu.

Ng'ambo ya ua alipanga Kuruthumu, muuguzi aliyehamishiwa Kasulu kutoka Tanga. Alikuwa anavaa sare aende zamu. Aliisoma simu mpaka mwisho, akashusha sauti.

"Dada Claudine, pacha wako alikufa na miaka mingapi?"

"Minne."

"Nani alimfundisha kuandika?"

Kuruthumu akamrudishia simu.

"Huyo si Butoyi. Ni jini, kakuta jina halina mwenyewe, kalivaa. Kwetu tunawajua. Hawaingii kwa mtu mpaka awape kitu chao. Hiyo pesa ndiyo kitu chake. Usilipe."

"Na kama ni yeye?"

"Usilipe, nakuomba. Futa. Ufunguo wangu huu hapa, kalale kwangu. Asubuhi nikitoka zamu tunakwenda kwa shehe."

Claudine alirudi kuchukua mkeka wake, akatia komeo. Harufu ilikuwa imeondoka, na chumba bila harufu ile kilikuwa kitupu kuliko kilivyowahi kuwa. Akakaa kitandani, kidole juu ya kitufe. Pesa alikuwa nayo, ya sare tatu. Aliogopa, lakini alitamani pia, na kutamani kulimuumiza zaidi. Katika Kasulu nzima, nani mwingine alijua analala upande gani? Mwishowe akaifuta akaunti. Akalia sana, maana aliona amemzika dada yake mara ya pili, na safari hii kwa mkono wake.

Alikuwa ameshakunja mkeka simu ilipowaka.

Malipo yamepokelewa. Akaunti mbili: Butoyi na Bukuru. Mlipaji: Butoyi.

Claudine hakuwahi kujiandikisha Bukuru popote. Na huyo, yeyote aliyekuwa, alikuwa amelipa mbili, kama mama alivyofundisha. Jibu lililokatika likajiandika polepole hadi mwisho: Njia rahisi ni kumwomba akufungulie mwenyewe. Mwite jina ambalo hakuna tena anayemwita.

Mvua ikakatika. Kitu kikaegemea mlango kwa nje, kwa chini, usawa wa kifua cha mtoto.

"Yewe Bukuru," sauti ikaita kwa Kirundi.

Claudine aliubana ufunguo wa Kuruthumu kiganjani mpaka ukamuumiza. Alijua ni jini, hakuwa na shaka hata kidogo, na mtoto wa miaka minne hawezi kulipia kitu.

"Bukuru," sauti ikasema tena, taratibu. "Umeshindaje leo?"

Claudine akauweka ufunguo juu ya cherehani.

"Vibaya, mwana wa mama," akajibu, akaanza kulifungua komeo.