Mawe ya Rasi ya Lihanga

Jioni ile Otto alitoka kwenda kuwafungia kuku, na kusema kweli aliifurahia kazi hiyo. Mkewe, Notburga, alikuwa kwenye sala za jumuiya. Ndani alibaki mama mkwe wake, Bi. Walburga, aliyefika mchana huo kutoka Ziwa Nyasa kuja kuiona nyumba mpya ya binti yake hapa Mshangano. Mkwe na mama mkwe peke yao chini ya paa moja! Afadhali kuku.

Lakini kuku hawakutaka kuingia bandani. Walikuwa wamejikusanya karibu na ua, mbali na baraza, shingo zimesimama.

Baraza ndiyo iliyokuwa fahari ya Otto. Aliisakafia kwa mawe laini ya mviringo, ya kijivu na mekundu, hata wapita njia walisimama kuyasifu. "Ya Maposeni hayo," alikuwa akiwaambia. Hata Notburga aliambiwa na Otto vivyo hivyo.

Hayakuwa ya Maposeni.

Otto ni dereva wa lori, hupeleka saruji ziwani. Mawe aliyapakia kwenye Rasi ya Lihanga, ile ncha ya miamba inayoingia majini, ambako fisi maji huzalia mapangoni na furukombe huita tangu alfajiri. Wataalamu huja kuipiga picha miamba ile, wanasema ni ya kale kuliko samaki wote wa ziwa. Wenyeji wanaiheshimu kwa jambo lingine. Mtu akizama na mwili usipatikane, ndugu zake huokota jiwe majini, hulipaka unga, kisha hulilaza kwenye ncha ya rasi kama wanavyomlaza maiti. Jiwe hilo ndilo kaburi lake.

Otto alilijua hilo vizuri. Alikuwepo siku ya kumlaza Remmy, kaka yake Notburga, kwa jiwe jekundu lenye mkanda mweupe katikati. Alisimama nyuma ya waombolezaji akichezea simu.

Siku aliyopakia, mvua ilikuwa inanyesha na rasi ilikuwa tupu. Alijiambia atachukua ya pembeni tu, yasiyo ya mtu. Lori halikujaa, akasogea hadi kwenye ncha. Tamaa mbele, mauti nyuma, walisema wahenga, na Otto aliipita methali hiyo bila hata kupiga honi. Fundi alipoosha sakafu ndipo Otto akaliona, pale pale mlangoni. Jekundu. Mkanda mweupe.

Akalifunika kwa mkeka.

Notburga hadi leo humlilia kaka yake. Angejua, angefunga mizigo yake siku hiyo hiyo. Na mchana ule Bi. Walburga, kabla hajakanyaga baraza, alivua viatu akavishika mkononi. Otto aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto.

Sasa, akiwa ameinama mlangoni mwa banda, alisikia harufu. Shombo. Matope ya ziwa. Na ziwa liko mbali sana na Mshangano...

"Hodi."

Sauti ya mwanaume, ya upole. Otto alikuwa na kuku mkononi. Akajibu bila kuinua kichwa, kama anavyojibu mtu yeyote aliyelelewa vizuri.

"Karibu. Karibu sana, hapa ni kwako."

Akamtia kuku bandani.

Akageuka. Geti lilikuwa limefungwa kwa ufunguo. Barazani alisimama mtu, maji yakimchuruzika, na mvua haijanyesha tangu watu wamalize kuvuna.

"Asante, shemeji," mtu yule alinong'ona. "Nilidhani utanifukuza."

Otto alirudi nyuma mpaka akagusa banda; yule mtu akaendelea.

"Wenzangu wako nyuma. Wanatembea polepole... wana watoto."

Akausogeza mkeka kwa mguu. Akajilaza juu ya lile jiwe jekundu, taratibu, kama mtu aliyechoka na safari. Jiwe lenyewe lina upana wa kukalia tu. Alitoshea. Usiniulize vipi.

Kisha akatoweka, yakabaki maji.

Mlango ukafunguka. Bi. Walburga alisimama na kanga yake begani.

"Ulikuwa unaongea na nani, baba?"

"Mpita njia, mama."

Alimdanganya mama wa marehemu, mbele ya kaburi la marehemu. Hofu yote ilimtoka, ikabaki aibu tupu, na angeweza kuchagua angeirudisha hofu. Bi. Walburga alipiga magoti, akaweka kiganja juu ya jiwe lililolowa.

"Alibisha hodi?"

"Alibisha."

"Ukamjibuje?"

"Nilimkaribisha. Nilimwambia hapa ni kwake." Otto naye akapiga magoti. "Mama, nisamehe. Mawe nimeyatoa Lihanga."

Bi. Walburga alifumba macho. "Sisi wa ziwani, hodi ya jioni haijibiwi mpaka mtu ataje jina," alisema. "Hukuwahi kuuliza."

Nyuma yao geti lililia. Notburga alikuwa amerudi, rozari na ufunguo mkononi, na alikuwa amesikia yote.

Kulipokucha waling'oa mawe. Yalitoka kirahisi, utadhani saruji haikuwahi kuyashika. Jiwe jekundu lilikataa. Otto alilipiga mtaimbo mpaka mtaimbo ukapinda, na kila pigo lilimfanya Notburga akunje uso. Bi. Walburga akamshika Otto mkono.

"Acha. Mawe ya wenzangu waliofiwa nayarudisha. Mwanangu umemkaribisha mwenyewe."

Safari nzima kwenda ziwani mama mkwe hakumsemesha Otto tena.

Notburga hakuondoka. Baraza sasa ni udongo mtupu na jiwe moja, naye huliosha kila siku. Jua likizama harufu ya matope huja, na hodi hubishwa. Notburga hutoka, hujibu, "Karibu, kaka," kisha huketi pale chini na maongezi huanza, ya chinichini, marefu. Otto hukaa ndani, mlango umerudishwa. Mara nyingine hulisikia jina lake likitajwa, halafu wote wawili hunyamaza.