Moshi Ndani ya Boksi la Nta

"Hivi Levina, huyo mwanaume anakupenda au anakukagua?"

Kabula, jirani wa ukuta mmoja, aliuliza hivyo akianua nguo, akacheka, akasahau. Levina hakusahau. Swali lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Kwa kweli Damas alianza kwa kumkagua. Walikutana kwenye ghala la mizigo la uwanja wa ndege wa Tabora, watu wamebanana mezani, huyu na vifaranga, yule na kipuri cha trekta. Levina alikuja na ndoo za asali ya baba yake, amevaa gauni la kitenge cha kijani, kilemba kimelegea kwa haraka. Damas, mkaguzi mrefu mwenye kizibao cha njano, akafungua ndoo, akanusa.

"Dada, ndani kuna nini?"

"Si umenusa, kaka?"

"Pua yangu siyo shahidi. Sema kwa mdomo wako."

"Asali. Au niilambe mbele yako uridhike?"

"Ukilamba hapa, nitasahau hata kupima uzito."

Mapenzi yakaanzia hapo. Jioni walitembea kwenye njia ya vumbi jekundu iendayo kijiji cha Kwihara, walikopita wapagazi wa zamani na pembe za ndovu mabegani. Miombo ikichanua, hewa yote hunukia tamu, na Levina aliona kama nyayo za wale watu bado zinapita taratibu chini ya zao, zikiwasindikiza. Miezi ikapita, usiku mmoja simu ililia.

"Umekula, asali wangu?"

"Nimekula, mzee wa kukagua."

"Jumapili, baada ya misa ya pili, washenga wanakuja kwenu. Mwambie mama apike."

Levina alilala akitabasamu gizani.

Ijumaa ya wiki hiyo, mzee Alois, baba yake, alikuwa na boksi la kwenda kwenye maonyesho Dar es Salaam. Ndani aliweka mikate ya nta na bomba lake la moshi, lile kopo la bati lenye mvukuto la kufukizia nyuki. Asubuhi hiyo hiyo alikuwa amelitumia kwenye mizinga ya nyuma ya nyumba.

"Nimelizima," alisema, akiziba mdomo wa bomba kwa majani mabichi.

Ndivyo wanavyofanya warina asali wa huku. Wamezoea kusafiri porini na kaa lililolala, wakifika wanalipuliza linaamka. Levina alipofunga kamba, alisikia joto kiganjani. Ni jua, alijiambia. Ndege ilikuwa karibu kufika.

Ghalani Damas alilipokea boksi kwa mikono miwili.

"Fungua, mpenzi."

"Na mimi leo, Damas? Jumapili unaleta washenga, Ijumaa unanipekua kama mwizi? Watu wanatuangalia!"

"Humo kuna kitu cha moto? Kiberiti, gesi, betri?"

"Kuna nta na bomba la baba. Niamini basi."

Damas alimtazama, akaona haya, akabandika karatasi ya kuruhusu mzigo.

Levina alikuwa nje anakunywa soda aliposikia harufu ya asali inayoungua. Ilikuwa tamu, ya utotoni, akafumba macho kabisa kuivuta. Ndipo king'ora kilipolia. Moshi ulitoka mlangoni mzito, na kwenye kona ya ghala ilisimama mitungi ya oksijeni ya hospitali. Akakimbilia ndani kuokoa nta ya baba yake.

"Toka! Toka nje, wewe mwanamke! Usiguse!"

Ilikuwa sauti ya Damas nyuma ya barakoa. Akamsukuma begani mbele ya watu wote.

"Msimwage maji!" aliwapigia kelele wenzake. "Nta inayowaka haimwagiwi maji, itawarukia! Leteni kizimamoto cha unga!"

Akalikumbatia boksi, akaliburuta hadi mchangani, mbali na mitungi. Hapo kitako cha boksi kikaachia, nta ya moto ikammwagikia mkono. Wenzake wakazima kwa unga.

Levina hakungoja kuyaona hayo, alirudi nyumbani na maneno mawili tu masikioni: wewe mwanamke. Alipiga simu. Haipatikani. Akapiga tena. Haipatikani. Jumapili mama alipika, washenga hawakuja.

"Mwanaume wa kukusukuma hadharani," alisema mzee Alois, "asikanyage hapa."

Jumatatu mchana Damas akakanyaga. Shati lilikuwa na mikunjo, mkono umefungwa bandeji hadi kiwikoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba," mzee aliuambia ukuta.

"Nilidhani umenizimia simu," Levina alisema.

"Simu iliyeyuka na nta. Nilikuwa nimelazwa." Akamgeukia mzee. "Nimesimamishwa kazi. Nimemwambia mkuu wangu ukweli, kwamba sikufungua kwa sababu ni mchumba wangu. Anasema nilihongwa nipitishe moto. Neno la mchumba halitaki. Anamtaka aliyelifunga bomba, aeleze. La sivyo kesho ananiachisha kazi."

"Bomba langu nililizima. Mtaa wote wa Itetemia unanijua!"

Levina aliweka sinia la chai chini.

"Baba, lilikuwa na joto. Nililisikia kwa kiganja changu, nikanyamaza. Na huyu alipouliza, nikamtia aibu ili asifungue." Akamtazama Damas. "Nisamehe. Lakini kunisukuma vile..."

"Mitungi ile ingelipuka, Levina. Jumapili ningekuja kukuzika."

"Na bado unanitaka?"

"Nimetoka hospitali na mkono mmoja mzima, sijapita hata kwangu. Ningekuwa sikutaki, ningekuwa nimelala."

Levina akacheka huku machozi yakimshuka, akaushika ule mkono mzima.

Mzee Alois aliitazama bandeji. Kisha akainuka, akaingia chumbani, akatoka amevaa koti lake la kanisani na kofia.

"Baba, chai je? Unakwenda wapi?"

Akachukua baiskeli yake ukutani, akaisukuma hadi njiani, akaielekeza upande wa uwanja wa ndege, akapanda. "Kwa huyo mkuu. Bomba nililifunga mimi."