Mkanda wa Shemeji

Jioni hiyo mkwezi alikuwa amekaa kibarazani kwake, miguu kaitumbukiza kwenye beseni la maji ya uvuguvugu. Mkewe alikuwa akimmiminia chai, na watoto waligombania nani amsugue nyayo. Kazi yake ilikuwa kupanda miti na nguzo: kukata matawi yanayolalia mapaa, kupunguza miti inayogusa nyaya, kufunga taa na mabango huko juu ambako wengine huona kizunguzungu hata kwa kutazama tu. Alipanda peku, kitanzi cha kamba miguuni na panga kiunoni, basi. Mtaa mzima ulimwita Kindi, na jina hilo alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Akiwa juu, wapita njia walisimama na kushika vichwa, na yeye akijua wamesimama huachia mkono mmoja makusudi ili wapige kelele. Alikuwa mtu mwenye raha zake, ndugu zangu, na hakuna aliyemtakia mabaya.

Raha hiyo iliingia mchanga siku mdogo wake mkewe alipobisha hodi, begi kubwa mgongoni.

Shemeji huyo alikuwa amefanya kazi ya kupanda nguzo za nyaya katika kampuni moja, mkataba ukaisha, akaja kukaa kwa dada yake huku akitafuta riziki. Alimwamkia Kindi kwa heshima, akafungua begi na kutandaza vitu vyake uani. Kulikuwa na mkanda mpana wa kiunoni wenye vipande vya kupita mapajani, na mwingine kama huo wa akiba. Kulikuwa na kofia ngumu, kamba ndefu mbili, kamba fupi ya kuzungusha kwenye shina, kulabu za chuma zinazojifunga zenyewe, na miiba ya chuma ya kufunga kwenye buti kwa ajili ya nguzo za mbao.

"Huu mmoja nimekuletea wewe, shemeji," alisema, akimnyooshea ule mkanda wa akiba. "Kesho nikufundishe kuuvaa."

Kindi aliucheka mpaka chai ikampalia.

"Mimi nifungwe kama mzigo wa kuni? Shemeji, huo kawafungie wanaoogopa."

Watoto walicheka. Shemeji naye alicheka, kwa sababu utani na shemeji hauna kesi. Lakini mke hakucheka. Aliuokota ule mkanda, akapitisha kidole kwenye mishono yake, akamuuliza ndugu yake, "Na hapa panashika nini?" Ndugu akamweleza. Kuanzia siku hiyo, kila jioni dada na mdogo wake walikaa mkekani wakikagua vifaa: mshono uliofumuka, kamba iliyochubuka, kulabu yenye kutu. Waliongea na kuchekeana. Kindi na beseni lake walisahauliwa pale kibarazani, maji yakapoa.

Hapo ndipo kijicho kilipomwingia. Nawaambia kilivyomwingia, maana wengi hudhani wivu huja na makelele. Wa Kindi ulikuja kimya. Alianza kuhesabu nani kasifiwa. Mwenye duka akisema, "Shemeji yako mtaratibu kweli," Kindi alisikia kwamba yeye ni mvurugaji. Mkewe akimpakulia mdogo wake kwanza kwa kuwa ndiye mgeni, chakula cha Kindi kilikosa ladha. Hata wale wapita njia walimsaliti. Shemeji akipanda hakukuwa na la kushangilia: alizungusha kamba fupi shinani, akaiegemea, akafanya kazi kwa mikono miwili, akashuka. Hata hivyo watu waliomwona walienda zao wakisema, "Huyo ndiye wa kumwita."

Na wakamwita. Wateja waliozoea kumuulizia Kindi sasa walimpita mlangoni kwake mwenyewe, wakisalimia haraka haraka, wakiingia uani kumtafuta shemeji.

"Wamelogwa na mikanda," Kindi alimwambia mkewe.

"Wamechoka kushika vichwa, Baba Watoto," mke alijibu. "Na mimi nimechoka. Ukitoka asubuhi situlii mpaka urudi. Hebu jifunze, ndugu yangu yuko tayari."

"Nijifunze kwa mtoto niliyemlipia nauli kuja harusini?"

"Basi usijifunze. Lakini mwenzio usimnunie."

Ndani ya kifua cha Kindi kulikuwa na donge lililokuwa likikua, naye alilimeza kila siku na kila siku lilirudi.

Sasa sikilizeni vizuri. Mbele ya zahanati ya mtaa palikuwa na mti mkubwa wa kale, matawi yake yamelalia paa. Kindi aliujua mti ule kama anavyoijua nyumba yake. Kipindi fulani aliupanda kuondoa nyuki, akakuta wamejenga nyuma ya panda kubwa ya juu, pale shina linapogawanyika, ile inayoonekana kutoka chini kuwa nene na imara. Alipotia mkono kutoa masega, mkono uliingia mpaka kwenye kiwiko. Ndani kumeoza, kumebaki gome tu. Hakumwambia mtu, kwa sababu hakuna aliyeuliza, na yeye alikuwa na njia yake nyingine ya kupita.

Mganga wa zahanati alipotaka mti upunguzwe, alikuja mwenyewe mpaka kibarazani. Kindi alinyanyuka, akakung'uta suruali, akajiweka sawa.

"Karibu, mganga. Ni ule mti, eti? Nimekuwa nikiuangalia."

"Ndiyo," mganga alisema, akitazama pembeni. "Lakini, samahani, tunamtaka yule mwenye mkanda. Wagonjwa wako pale chini, unaelewa."

Kindi alielewa. Aliketi tena, polepole, na kilichomchoma si kazi kumpita. Kilichomchoma ni ile samahani.

Shemeji hakuwa na makuu. Alimwomba Kindi waende pamoja, mmoja apande, mwingine ashike kamba chini, wagawane. Wakaenda. Wagonjwa waliondolewa upande ule, shemeji akavaa mkanda, akavuta kila kipande, akamwomba Kindi naye amvute kuhakikisha. Kindi alivuta kwa vidole viwili, uso kaugeuzia ukutani. Kisha shemeji alitazama juu kwa muda mrefu.

"Shemeji, huu mti wewe unaujua. Kamba kuu niipitishe wapi? Naona ile panda kubwa, inafaa?"

Lilikuwa swali la kujibiwa kwa neno moja. Angesema "hapana," tungekuwa tunaongea mengine hapa. Lakini kijicho kilimtangulia kusema.

"Si una vyombo?" Kindi alisema. "Viulize vyombo vyako."

Shemeji alicheka kidogo, akidhani ni utani wao wa siku zote. Akarusha kamba, ikapita juu ya panda. Aliivuta kuijaribu, ikashika. Akapanda.

Mnataka kujua Kindi alikuwa akifikiri nini? Wallahi hakutaka afe. Alitaka panda ilie kidogo, shemeji atishike, ashuke anatetemeka, na watu waone. Alitaka aibu tu, aibu ndogo ya kumrudisha kila mtu mahali pake. Huo ndio ulikuwa mpango wake wote.

Shemeji alipofika chini kidogo ya panda, alizungusha kamba fupi shinani, akaifunga kulabu, ndipo akaegemea kamba kuu ili atoe msumeno. Panda ikakatika kwa mlio uliotoa watu wodini. Kipande kizima kilishuka kikampitia mguuni, kikaangukia majani pamoja na kamba kuu. Yeye alishuka kwa kishindo, kamba fupi ikakwama kwenye kifundo cha shina, na hapo ikamshika. Alining'inia kichwa pembeni, kofia imepasuka, mguu umekaa vile mguu usivyokaa. Kofia na kamba ile fupi ndivyo vilivyombakiza duniani.

Mkewe Kindi ndiyo kwanza anaingia getini na kikapu cha chakula. Kikapu kilianguka.

"Mdogo wangu! Baba Watoto, mpandie! Vaa mkanda, uko begini!"

Kindi alichomoa ule mkanda wa akiba, ule ule aliouletewa. Aliugeuza huku na huku. Hakujua kiuno kinaingia wapi wala paja linapita wapi. Watu wote waliomwita Kindi walikuwa wakimtazama akiugeuza. Mwishowe aliutupa, akang'ata kwa meno ncha ya ile kamba ndefu ya pili iliyokuwa begini, akapanda peku kama zamani. Safari hii hakuna aliyepiga kelele.

Alipitisha kamba kwenye tawi alilolijua kuwa zima, akamfikia shemeji, akaifunga ile kamba kwenye mkanda wake. Shemeji alikuwa bado anapumua. Kindi alishika kulabu ya kamba fupi ili aifungue amshushe.

"Usifungue!" Mkewe alipiga ukelele kutoka chini. "Usifungue hiyo! Ndiyo imemshika! Uzito uhamie huku kwanza!"

Kindi aliiachia kulabu. Angevuta kidogo tu, angemmalizia kwa mkono wake. Chini, mke alizungusha mwisho wa kamba kwenye nguzo ya geti, akawaita wauguzi na wapita njia, wakavuta mpaka kamba ikakaza na ile fupi ikalegea.

"Sasa fungua! Taratibu!"

Alifungua. Wakamshusha polepole, dada mtu akiilegeza kamba kwenye nguzo shubiri kwa shubiri, machozi yanamtiririka na mikono haitetemeki.

Shemeji hakufa. Mganga alisema mguu utaunga, lakini goti halitakunjika tena sawasawa, na kupanda ndiyo basi. Alipopata fahamu, Kindi alikuwa kando ya kitanda chake upande mmoja, mkewe upande wa pili. Kindi alikuwa amejiandaa kusema pole, amejiandaa hata kulia. Shemeji alimtazama bila hasira, na hilo ndilo lilikuwa baya zaidi.

"Shemeji," alisema, "si nilikuuliza?"

Mke aliinua kichwa.

"Ulimuuliza nini?"

Shemeji alifumba macho. Kindi angeweza kunyamaza tena, na kunyamaza alishakuzoea, lakini mkewe alikuwa akimtazama yeye.

"Aliniuliza kuhusu ile panda."

"Na wewe ulikuwa unaijua?"

"Nilikuwa naijua."

"Imeoza, ulijua?"

"Nilijua, Mama Watoto. Niliwahi kutia mkono humo ndani."

Hakupiga kelele. Alichukua kitambaa, akaendelea kumfuta mdogo wake uso, shingo, mikono, kila kidole. Alipomaliza, alisema bila kugeuka, "Akitoka hapa nampeleka kwa mama. Nitamuuguza huko mpaka atembee. Watoto naenda nao."

"Na mimi je?"

"Wewe huumwi."

Walirudi? Mnaniuliza mimi? Mguu wa shemeji bado haukunjiki, na mlango wa nyumba ile bado unafunguliwa na mtu mmoja.

FUNZO

Wenzangu, msitoke hapa mkisema hadithi hii ni ya mikanda. Ya mikanda ni rahisi, na nitaisema kwanza: mwenye kupanda avae, akaguliwe na mwenzake, ajue pa kufungia kamba. Asiyejua ajifunze, hata kama mwalimu wake ni mdogo kwake. Kifaa kisichojulikana siku ya shida ni mzigo tu mkononi.

Lililo gumu ni hili. Hakuna mkanda unaomlinda mtu dhidi ya jamaa yake aliye chini, anayejua na akanyamaza. Kindi hakukata kamba ya mtu. Hakusukuma mtu. Hakusema alichokijua pale alipoulizwa, na kimya chake kikavunja mguu wa mtu na nyumba yake mwenyewe. Ukimwonea mwenzio kijicho, nuna, kasirika, nenda ukalale bila kula ukitaka. Lakini akikuuliza kuhusu hatari unayoijua, mjibu. Mjibu hapo hapo, kabla hajaweka mguu.