Pao za Kitanda cha Bonge

Kopo la soda lilipita kati ya pao mbili za kitanda cha mtoto, likaangukia godoroni. Jana, Mama Bonge alipolijaribisha hivyo hivyo, lilikuwa limegoma kupita.

Mama Bonge alichukua futi kamba. Sentimita tisa. Kazi yake ilikuwa kupima ardhi, na jana, kwa mkono wake mwenyewe, alikuwa ameandika sita.

"Mbao si mpira, Mama Bonge," alicheka mumewe, fundi seremala aliyekitengeneza kitanda. "Au mwenzangu ulipima ukisinzia?"

"Kichwa cha mwanangu kikinasa hapo, utacheka na nani?"

Fundi alileta drili, akaongeza pao, akakaza skrubu, na ubavu mmoja wa kitanda, unaoshushwa wakati wa kumtoa mtoto, akaufunga usishuke tena. Sasa hata kidole gumba kilipita kwa taabu. Mama Bonge akamlaza mtoto wao wa miezi sita na, kwa mara ya kwanza wiki hiyo, akanywa chai ingali ya moto.

Saa tisa alasiri, harufu ya nywele zinazoungua ilijaa sebuleni.

"Baba Bonge," Bibi, mama yake fundi, alinong'ona, "mbao za kitanda ulizitoa wapi?"

"Ule mlango wa nyumba iliyoungua, mama. Mbao ngumu, hazijaguswa na moto."

"Watu wa nyumba ile walichomwa na jini, mwanangu. Mganga alilifungia kwenye huo mlango."

Mama Bonge alielewa akiwa tayari anakimbia: hakuna kilichotaka kuingia kitandani. Jini lilikuwa likipanua pao ili litoke, nao walikuwa wamelibana humo pamoja na mtoto.

Godoro lilipasuka, mkono mkavu kama kuni ukachomoza na kumshika Bonge mguu, ukampiga kwenye pao, ukamrudisha, ukampiga tena, na fundi alipozamisha mikono kumnyakua ukamwachia mtoto, ukashika kiwiko chake na kukikunja upande usiokunjika hadi mfupa ukatoboa shati, naye badala ya kujivuta akamwinua mtoto kwa mkono uliobaki mzima, akamtupia Mama Bonge, huku pao zikikatika moja baada ya nyingine.

"Toka naye."

Akatoka. Bibi akauvuta mlango wa chumba, akaning'inia kwenye kitasa kwa uzito wake wote, macho ameyafumba. Ndani, mwanawe alibamizwa ukutani mara mbili, plasta ikapukutika hadi sebuleni.

"Mama Bonge." Sauti ya fundi ilitokea chini, karibu na sakafu. "Mtoto anapumua?"

Mama Bonge aliweka sikio kwenye kifua cha mtoto, akahesabu hadi kumi.

"Anapumua. Mguu umevimba, lakini anapumua."

"Basi usifungue."

"Baba Bonge..."

"Hata nikikuomba."

Haikupita dakika, akaanza kumwomba.