Hewa ya Chemba

Fundi Sindano alikuwa mshonaji, na mtaa mzima ulimjua kwa jina hilo. Chumba chake cha kazi kilikuwa na milango miwili. Wateja waliingia kwa mlango wa mbele, na taka zilitoka kwa mlango wa nyuma, uani.

Kila jioni alifagia vipande vya vitambaa na nyuzi. Kisha alimwaga ndoo ya maji. Vipande vilielea hadi kwenye tundu la maji machafu, vikazama.

"Vimekwenda na maji," alisema. Hakuwahi kujiuliza vimekwenda wapi.

Nyumba ya pili aliishi mama mmoja mfanyakazi wa idara ya majitaka. Aliongoza kikosi cha watu wanne. Kazi yao ilikuwa kuzibua mabomba na kusafisha chemba, yale mashimo yenye mifuniko ya chuma ambamo mabomba ya majitaka hukutana. Siku moja alipita na buti zake mbele ya chumba cha mshonaji. Fundi Sindano alipenda utani. Akasema kwa sauti, "Shikeni pua jamani, Mama Chemba huyo!"

Wateja walicheka. Jina likaganda. Mama mwenyewe alitabasamu, akaenda zake. Lakini tangu siku hiyo alipita upande wa pili wa njia.

Basi, wiki moja, choo cha Fundi Sindano kikakataa kuvuta. Maji yalipanda badala ya kushuka. Kesho yake uchafu ukatoka kwenye tundu la uani, ukasambaa hadi kwenye kamba ya nguo. Watoto walipelekwa kwa shangazi yao. Wateja walisimama mlangoni, wakanusa, wakaaga.

"Mwambie jirani," mkewe alisema. "Si ndiyo kazi yake?"

"Nimwambie nini?"

"Mwambie choo kimeziba. Kuna lugha nyingine?"

Fundi Sindano aliinamisha kichwa. "Mke wangu, mtu umemcheka mbele za watu, leo unakwenda kumpigia hodi?"

"Aibu yako ndiyo inatufanya tukanyage mavi?"

Asubuhi ya siku ya tatu Fundi Sindano alimwita shemeji yake, kaka wa mkewe, mwanamume mwenye mabega mapana. Wakaenda uchochoroni nyuma ya nyumba, kwenye chemba. Waliinua mfuniko kwa mtaimbo. Harufu ya mayai viza ikawapiga usoni.

"Shemeji, twende tukaite watu," alisema yule kaka, mkono puani.

"Watu gani? Hili ni shimo tu. Kina chake ni kimo cha watu wawili, na ngazi ipo." Zilikuwa ngazi za vyuma zilizochomekwa ukutani. Fundi Sindano alikunja suruali, akashika fimbo ya chuma, akaanza kushuka.

Alishuka vidato vinne. Vitano. Kichwa kikapotea chini ya ukingo.

"Vipi huko?" shemeji aliuliza.

"Kumbe si mbaya! Harufu imekwisha kabisa!"

Wakati huohuo Mama Chemba alikuwa anafunga mlango wake aende kazini. Maneno hayo yalimfikia. Harufu imekwisha. Alitupa mkoba chini, akakimbia.

"Panda!" alipiga kelele. "Panda sasa hivi! Tupa hiyo fimbo, panda!"

Fundi Sindano alitaka kujibu kwa utani. Ulimi ukawa mzito. Alipanda kidato kimoja, cha pili, cha tatu. Vidole vilikuwa vimeshika chuma, lakini hakuvihisi tena.

Mama Chemba alivuta pumzi ndefu, akaibana, akalala kifudifudi ukingoni. Akamkamata kwenye kola. Shemeji aliona mwenzake anateleza. Akaweka mguu mmoja ndani ya shimo ili ashuke amsukume kwa chini.

"Toa mguu!" mama alifoka. "Ukiingia tutazika wawili! Mshike mkono kutoka juu!"

Walivuta. Kola ile Fundi Sindano aliishona mwenyewe, mshono mara mbili. Haikuachia. Kichwa kikatokea, kisha mabega, kisha mwili wote ukaanguka juu ya mchanga kama gunia lililolowa.

Walimburuta mbali na shimo, penye upepo. Mama alimlaza ubavu, akaweka sikio karibu na mdomo wake. "Anapumua," alisema. Alipiga simu mara mbili. Ya kwanza ilikuwa ya gari la wagonjwa, ya pili ya kikosi chake. Kisha akasimama katikati ya uchochoro, mikono imetanuka, asipite mtu.

"Atakayevuta sigara hapa leo nitamla mbichi," aliwaambia waliokuja kutazama. "Hewa ya humo inaweza kulipuka."

Gari la wagonjwa lilipokuja, shemeji aliondoka na mgonjwa. Mke wa Fundi Sindano alibaki na nyumba. Alisimama kwenye mlango wa nyuma, analia bila sauti.

Kikosi kilifika na gari lao lenye mtambo wa kuzibua mabomba. Hakuna aliyekimbilia shimo. Walizungushia utepe kwanza. Kijana wa kike mwenye kofia ngumu alifunga kifaa kidogo kwenye uzi, akakishusha polepole. Kilipofika katikati kililia kama ndege aliyenaswa. Akakitoa.

"Ni kipimo cha hewa," alimweleza mke wa mshonaji. "Uchafu ukioza ndani hutoa hewa ya sumu. Nzito. Hukaa chini kama maji kwenye kikombe. Mwanzo inanuka, halafu inaua pua."

"Inaua pua?"

"Eeh. Husikii tena harufu, unadhani imeondoka, kumbe ipo palepale na wewe ndiye unayeondoka."

Mwenzao mkubwa kwa umri, waliyemwita Mzee wa Kamba, alileta feni yenye bomba refu la turubai. Feni ikapuliza hewa safi ndani ya shimo kwa muda mrefu. Hata hivyo hawakushuka. Walifanya kazi wakiwa juu, kwa fimbo zinazoungana na bomba la maji ya nguvu.

Kitu kikanasa. Wakavuta. Kikatoka kitu kama mkia wa mnyama, mweusi, mrefu. Kijana alikipiga maji. Rangi zikaanza kuonekana. Buluu. Nyekundu. Mistari ya kijani.

Mke wa Fundi Sindano aliifahamu ile mistari. Ilikuwa ya sare za shule, zilizoshonwa mwezi uliopita kwenye meza ya mumewe. Angeweza kunyamaza. Nani angejua? Majirani wote walikuwa wanatazama.

"Ni vya kwetu," alisema. "Tunavifagilia tunduni kila jioni. Nisameheni. Tumejiziba wenyewe, na nyie tumewaziba."

Majirani waliguna. Mmoja alianza kusema, "Kumbe nyinyi ndio..." Mama Chemba akamkata.

"Ngoja kwanza, jirani. Humu mna mafuta ya kupikia yaliyoganda. Fundi hapiki maandazi. Mna nepi. Fundi hana mtoto mchanga. Kila nyumba imeleta mchango wake."

Yule jirani akaangalia viatu vyake.

Maji yakaanza kuteremka. Ndipo Mzee wa Kamba alipoona kiongozi wake anahesabu fimbo zilezile mara ya tatu. Alimwendea, akamvua glavu taratibu, akamkalisha kwenye ngazi ya gari.

"Wewe kazi yako leo imekwisha," alisema. "Kunywa maji."

"Nipo sawa, mzee."

"Najua uko sawa. Kunywa maji. Ripoti nitaandika mimi, na kesho tutazungumza wote kabla ya kuanza kazi. Hukumbuki ulivyonifanyia mimi mwaka ule?"

Mama alikunywa. Mke wa mshonaji aliketi kando yake. Akamshika mkono.

"Zamani tulikuwa sita," mama alisema. "Hatukuwa na kipimo wala feni. Mmoja wetu alishuka akaanguka. Wa pili akaruka kumwokoa. Hatukumpata hata mmoja akiwa hai. Mzee huyu alikuwa juu. Kamba ilikuwa garini, haikufungwa kwa mtu. Tangu hapo hakuna anayemwona akiwa kazini bila kamba. Watu humtania kwa jina hilo. Hawajui lilikotoka."

Mke wa mshonaji alisikia joto usoni. Alifikiria majina mengine ambayo watu hupewa kwa kicheko.

Fundi Sindano alilala hospitali usiku mmoja. Daktari alimwambia kuwa dakika mbili zaidi zingetosha kumuua. Kesho yake, kabla ya kuingia kwake, alikwenda nyumba ya pili. Alisimama nje kwa muda. Kisha akapiga hodi.

"Karibu," mama alisema. "Kaa, bado umechoka."

"Sikai mpaka niseme. Nilikuita jina baya mbele za watu. Wewe ukaninyanyua kwa mikono yako. Naomba unisamehe."

"Jina halikuniuma," mama alisema. "Chemba ndiyo kazi yangu, nayo imesomesha wanangu. Kilichoniuma ni kushika pua. Mtu anakushikia pua kwa uchafu uliotoka nyumbani kwake."

Fundi Sindano aliketi sasa. Machozi yalimlengalenga. "Nifanye nini, dada yangu?"

"Mambo mawili. La kwanza, mabaki yako yaweke kwenye gunia. Bomba limetengenezwa kwa ajili ya maji, kinyesi na karatasi laini ya chooni, basi. Vitambaa, nepi, mafuta, nywele, mchanga, vyote nje. La pili, ukiona chemba imeziba, usifungue. Ita idara. Na ikitokea mtu ameanguka humo, usimfuate. Piga simu, zuia watu, ngoja wenye vifaa. Najua ni vigumu. Mwenzako amelala chini na wewe umesimama. Lakini kufuata si kuokoa."

Fundi Sindano aliyasema maneno hayo taratibu, kama mtu anayejifunza kusoma. "Kufuata si kuokoa."

Tangu siku hiyo gunia lilisimama kando ya cherehani. Likijaa, mtengeneza magodoro alikuja kulichukua kwa ajili ya kujazia mito. Mkewe alipita nyumba kwa nyumba, akaongea na akina mama juu ya mafuta na nepi. Wengine walimsikiliza upesi kwa sababu alianza kwa kusema kosa lake mwenyewe.

Mshonaji naye alikwenda hadi kituo cha kazi cha kikosi. Aliona ovaroli zao zimechanika magotini na kwapani. Alizibeba zote. Alizirudisha zikiwa na viraka imara na mkanda wa kung'aa mgongoni, ili magari yawaone barabarani. Mzee wa Kamba alivuta mshono kwa nguvu zote kuujaribu, akaridhika.

Mvua kubwa zilikuja. Miaka yote uchochoro ule ulifurika majitaka. Mara hii maji ya mvua yalipita, yakakauka, na hakuna choo kilichopanda. Watoto walirudi kucheza nyuma ya nyumba.

Siku moja mchana, Fundi Sindano alipeleka nguo mtaa wa pili. Akakuta wanaume watatu wamezunguka chemba. Simu ya mmoja wao ilikuwa imedumbukia kupitia ufa wa mfuniko. Mwenye simu alikuwa ameshavua shati.

"Ndugu yangu, usishuke," alisema Fundi Sindano.

"Wewe nani? Ondoka hapo, natoa simu yangu nikaendelee na shughuli zangu."

Mshonaji hakubishana. Aliweka nguo za mteja begani, akaketi juu ya mfuniko, miguu ameitandaza, akatoa simu yake kumpigia Mama Chemba. Wale wanaume walimtukana. Mmoja alimvuta mkono. Hakuinuka.

"Bwana, una wazimu?" mwenye simu aliuliza. "Kwa nini unakalia uchafu?"

"Nina watoto," Fundi Sindano alijibu. "Wewe je?"

Mwenye simu alisita. "Wawili."

"Basi vaa shati lako, ukae hapa na mimi. Wenye kazi yao wako njiani."

Yule mtu alimtazama, akautazama mfuniko. Kisha akavaa shati, akaketi.