Kikohozi cha Marehemu

Haya yalimpata rafiki yangu, mhariri wa video, mtu asiyeamini hata ndoto zake mwenyewe. Mjane mmoja alimletea video za marehemu mumewe aziunganishe ziwe filamu moja, kisha aichome kwenye diski ya Blu-ray ili picha itoke safi kabisa. Alikuwa na ombi moja tu: "Mwanangu, kikohozi chake kitoe chote. Sitaki kukisikia tena."

Akakitoa. Kwenye kompyuta, kimya. Kwenye diski, mzee akakohoa dakika ya tisa! Akakata upya, akachoma upya, akakaa saa mbili kutazama asilimia zikitambaa kama konokono. Diski ya pili, kikohozi. Ya tatu, kikohozi. Akaitupa pembeni, akasonya.

"Mzee, utanitia wazimu! Si unyamaze?"

Diski ya nne aliikagua kesho yake mchana, mapazia yote yamefungwa, chumba giza totoro ili aione picha vizuri. Dakika ya tisa ikapita kimya. Filamu ikaisha, skrini ikawa nyeusi, naye akashusha pumzi. Lakini diski iliendelea kuzunguka.

Kwenye weusi ule akasikia mtu akisonya, kisha sauti yake mwenyewe: "Mzee, utanitia wazimu! Si unyamaze?"

Chumba kile hakina maikrofoni.

Kisha, karibu kabisa na ile sauti yake, mtu akakohoa kidogo, kama aliyejitahidi sana kujizuia, akasema, "Samahani, mwanangu."