Siku Mize Alipoifunga Bahari

Zama zile kila mji wa pwani ulipokuwa na jumbe wake, siwa yake na kiburi chake, palikuwa na mji ulioitwa Chwale. Haukuwa mji wa kutisha. Wafanyabiashara wa Kambaya waliokuja na hariri na shanga waliupita bila kugeuza shingo, maana haukuwa na dhahabu wala pembe za kuwatoa macho. Chwale ilikuwa na samaki, basi. Ilikuwa na samaki, na mwamba mrefu ulioukinga mji na maji makuu, na mwanamke mmoja aliyewaambia watu kila asubuhi bahari imeamkaje.

Mwanamke huyo ni Mize binti Ngwali. Alfajiri, watu wakishatoka msikitini, alipanda ukuta wa mawe juu ya pwani, akaitazama bahari kwa muda alioutaka yeye, kisha akaita mara tatu. Wito wa kwanza ulikuwa wa nje ya mwamba, wanakopatikana nguru na jodari. Wa pili ulikuwa wa ndani ya mwamba, wanakotegwa changu na tasi kwa madema. Wa tatu ulikuwa wa ufukweni, wanakoshuka wanawake na mashuka yao kuzoa dagaa. Kwa kila mahali alisema pamefunguka au pamefungwa, na hakuna ngalawa iliyogusa maji kabla hajamaliza.

Ukoo wa Ngwali ulikuwa umekula kiapo tangu enzi za mababu kwamba uongo hautaingia katika wito, iwe kwa hofu au kwa huruma, na kwamba wito ni wa kila mwenye masikio. Mize aliushika wadhifa huo baba yake alipokufa, kwa kuwa ndugu yake mdogo, Vuai, alipenda kuvua kuliko kutazama. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwembamba, mwenye ulimi mkali na shingo ngumu. Waliomtania nyuma ya mgongo wake walikuwa wengi, ila asubuhi wote walinyamaza wamsikilize.

Ndipo alipokuja Amiri Tamimu wa Fumbwe. Fumbwe ni mji uliokaa kwenye mdomo wa mto, mbali upande wa kusini, na watu wake walikuwa mashujaa wa nchi kavu. Alikuja na mitepe yenye matanga ya miyaa, imejaa askari wa mafumo na ngao za ngozi ya kifaru, akautwaa mji wa Chwale hata jua halijawa kali. Jumbe wa Chwale hakukubali kukamatwa. Alijitupa na wapiganaji wake kwenye Kisiwa cha Membe, kipande cha jabali kilichokaa ukingoni mwa mwamba kwa upande wa nje, akaenda na siwa, baragumu la enzi lililochongwa kwa pembe. Mtu asiyeishika siwa hiyo hakuwa mtawala wa Chwale hata akilala katika kitanda cha Jumbe. Amiri alilijua hilo, na lilimkosesha raha.

Jumbe naye asingeishi kwenye jabali kwa kula upepo. Waliomweka hai ni wavuvi. Kila bahari ya nje ilipofunguka, ngalawa zilipita karibu na kisiwa, zikaacha vibuyu vya maji na habari za mji. Askari wa Amiri walizipekua pwani, lakini mvuvi kuwa na kibuyu cha maji si kosa, wakaziachia.

Watu wakaanza kumnung'unikia Mize. Kwa nini anaita kama kawaida na adui anasikia? Mwambao mzima ungemshangilia kama angewadanganya hawa wageni siku moja tu, wakaenda kuzama. Vuai mwenyewe alimweleza hivyo, kwa upole kwanza, kisha kwa ukali. Mize alimjibu kwamba siku atakapoita uongo kwa ajili ya adui, siku ya pili yake hakuna mke wa mvuvi atakayejua kama mumewe ametumwa kuvua au ametumwa kufa. Vuai alikunja uso akaenda kushona nyavu zake.

Alasiri moja Amiri akamwita Mize. Mize alimkuta amekaa barazani kwa Jumbe, juu ya zulia la Jumbe, joho jekundu begani na jambia la fedha kiunoni. Amiri alimpokea kwa heshima, akamwita mama, akaagiza tende. Mize hakukaa, na tende hakuzigusa.

"Kesho utaita kuwa bahari imefungwa," Amiri akasema. "Nje, ndani na ufukweni. Sitaki kuona chombo hata kimoja cha Chwale majini."

Mize alifahamu mara moja. Ngalawa zisipotoka, hakuna atakayempa Jumbe habari, na mitepe itapita mlango wa mwamba, pengo la kutokea nje, izunguke, imshukie kisiwani hana hili wala lile.

"Nitaita nitakachokiona," akajibu.

"Una ndugu anaitwa Vuai. Naambiwa ni mvuvi hodari sana. Mvuvi asiyekuwa na mikono anavua nini, mama?"

Mize alimlea Vuai tangu anatambaa, na hakuwa na mwingine duniani. Lakini hofu ilipompanda kifuani ilikutana na hasira njiani, na hasira ikawa na nguvu zaidi.

"Amiri," akasema, "nyumba umezichukua, visima umevichukua, hata hilo zulia ulilokalia si lako. Wito hukuukuta humu barazani, na hutauchukua. Kesho nitapanda ukuta nitazame. Nikiona imefunguka, nitasema imefunguka, nawe ukate mikono unayotaka kukata. Anza na yangu."

Askari walishika mafumo yao, lakini Amiri alicheka tu. Alikwisha kuona watu wengi wanaosema maneno makubwa alasiri, na kukipambazuka wanakuwa wapole. Akamwacha aende zake. Mize alifika nyumbani akamweleza Vuai kila kitu, na Vuai, badala ya kuogopa, akafurahi. Akapita kwa wenziwe mlango kwa mlango: kesho Mize akisema nje pamefunguka, wote watoke kwa pamoja, wamwahi Jumbe kabla ya mitepe. Mikono yake, alisema, Amiri aje aifuate majini.

Asubuhi ilikuja nzuri mno. Mbingu zilikuwa safi, upepo haukuwepo, na maji ya ndani ya mwamba yalitulia tuli. Pwani nzima ilijaa watu. Amiri alikuwa amesimama kwenye mchanga na manahodha wake, na mitepe ilikuwa imeshapakia askari. Wavuvi walisimama kando ya ngalawa zao, mikono tayari kwenye mbao. Hakuna aliyekuwa na shaka kuhusu wito wa siku ile, ilibaki kuusikia tu.

Mize alipanda ukuta akatazama. Huko mwambani mawimbi yalikuja moja moja, yameachana mno, na kila moja lilikuwa na uzito usiolingana na asubuhi isiyo na upepo. Ngurumo yake haikutoka mgongoni mwa mwamba kama siku zote, ilitoka mlangoni, mahali vyombo vinapopita. Ndani, maji yalikuwa yakipwa, lakini kwenye nguzo za kufungia vyombo yalipanda na kushuka kama mtu anayehema. Na ufukweni dagaa walikuwa wamejisonga hadi wanarukia mchangani, wala hapakuwa na samaki mkubwa anayewafukuza. Aliwahi kuiona bahari ya namna hii mara moja, akiwa msichana, baba yake akamwambia kuwa dhoruba imepiga mbali, mahali ambapo mtu wa Chwale hatafika, na imetanguliza mawimbi yake.

Aliikasirikia bahari. Ilikuwa na siku zote za mwaka, ikachagua leo kusema anachokitaka Amiri. Akawaza, na hakulificha hilo maisha yake yote, kwamba angesema imefunguka ili tu amkomoe yule mtu wa joho jekundu. Kisha akamtazama Vuai pale chini, mkono wake kwenye ngalawa.

Akaita. Nje pamefungwa. Ndani pamefungwa. Ufukweni pamefungwa, mwanamke asiloweshe hata kifundo cha mguu.

Amiri akacheka kwa sauti, akawageukia manahodha wake kuwaonyesha kuwa aliwaambia. Nahodha mmoja mzee hakucheka. Alikuwa akitazama mlango wa mwamba, akasema kitu kwa sauti ndogo. Amiri alimpigapiga begani akamwambia mwanamke ameogopa tu, na mbingu hizo kila mtu anaziona.

Mize alishuka ukutani akamfuata. Watu walimpisha kama anayeumwa ukoma.

"Bahari imefungwa, Amiri," akamwambia usoni. "Usipitishe vyombo mlangoni leo. Sisemi kwa ajili yako. Nasema kwa kuwa una masikio."

"Umesema vizuri sana, mama," Amiri akajibu, akamkonyeza. "Sasa inatosha." Akaingia mtepeni.

Mize alipogeuka, Vuai alikuwa mbele yake.

"Umemuuza Jumbe kwa mikono yangu," akasema. "Nani alikuambia naitaka mikono ya bei hiyo?"

"Vuai, sikudanganya."

"Kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe, dada, sikuamini." Akawapungia wenziwe. "Tieni majini. Tupite mlangoni kabla yao."

Ngalawa zikaanza kuvutwa mchangani. Mize aliwasihi, na hakuna aliyemsikiliza. Wengine walimtemea mate miguuni. Basi akakimbia mbele ya ngalawa ya Vuai, iliyokuwa ya kwanza, akajilaza mchangani chini ya ncha yake ya mbele, mabega yake yakaziba njia.

"Haya, vuta," akasema. "Unataka kupita, pita juu yangu. Ukishanivunja mbavu utajua kwamba mtu mwenye hofu hawezi kulala hapa. Mimi Amiri sikumwogopa jana na wewe sikuogopi leo. Bahari imefungwa, na Chwale nzima ikinichukia itabaki imefungwa."

Wavuvi walimwambia Vuai amwondoe. Alimshika mikono amvute, Mize akakita visigino mchangani. Vuai alimtukana, akalia, akamshika tena. Wakati huo mitepe ilikuwa imekwisha kuondoka, imejipanga, ngoma inapigwa, makasia yanakwenda sawasawa juu ya maji yale mazuri. Vuai alikuwa bado ameinama juu ya dada yake watu wa pwani walipoguna wote kwa pamoja.

Mlangoni, maji yaliyokuwa yakitoka yalikutana na wimbi lililokuwa likiingia, na bahari ikasimama wima. Mtepe wa kwanza ulipanda mpaka watu wa pwani wakaona mkuku wake, mti wa chini kabisa, ukaanguka juu ya mwamba, na kamba za mnazi zilizoshona mbao zake zikaachia. Wa pili ulijaribu kugeuka ukachukuliwa ubavu. Iliyofuata haikuwa na mahali pa kugeukia, kwa kuwa mkondo uliivuta kuipeleka kulekule. Ngoma ilinyamaza. Baada ya hapo palikuwa na mbao, ngao na vichwa vya watu.

Vuai aliiachia mikono ya dada yake. Mize aliinuka, mchanga umejaa nywele zake, na mtu wa kwanza kuingia majini mpaka kifuani, katika ufukwe alioufunga yeye mwenyewe, alikuwa ni yeye. Aliingia kuwaokota waliotupwa na wimbi, na wanawake wakamfuata wameshikana mikono. Waliowatoa hai hawakuwa wengi. Mmoja wao alikuwa Amiri Tamimu, joho limemwacha, jambia limemwacha, ametapika maji yote aliyoyanywa.

"Ulinidanganya," akasema alipoweza kusema.

"Nilikuambia mara mbili," Mize akamjibu. "Ya pili nilikufuata mpaka ulipokuwa."

Askari wachache waliobaki mjini waliweka mafumo chini bila kuambiwa. Bahari ilipotulia Jumbe alirudi na siwa yake, na mji ukalipuka kwa furaha. Lakini Amiri, mateka aliyefungwa kamba, alikuwa na hadithi yake, akaisimulia kwa kila aliyemletea chakula: mwanamke yule alimchezea, alimfanya aamini kuwa anasema uongo ili adhani pamefunguka. Nadhani aliona bora kuitwa aliyezidiwa ujanja kuliko mpumbavu aliyeambiwa ukweli akaucheka. Na watu wa Chwale, badala ya kumkatalia, waliipenda hadithi hiyo kuliko alivyoipenda yeye mwenyewe. Kufikia Ijumaa ilikuwa na ngoma yake.

Jumbe akaitisha baraza. Siwa ilipulizwa, na Mize akaletwa mbele kuvikwa kitambaa cha hariri cha Kambaya, kwa kuwa, alivyotangaza Jumbe, uongo wake mmoja ulifanya kazi ya mafumo elfu.

"Sikichukui," Mize akasema.

Jumbe alitabasamu akadhani ni haya. Akamwambia akichukue tu, ni heshima ya mji.

"Nikikichukua nimekubali kuwa nilidanganya, na kesho nitaita nini? Mlinitemea mate nilipokuwa mkweli, sasa mnanivika hariri kwa uongo. Mate yale niliyavumilia, Jumbe. Hariri hii sitaivumilia." Akaondoka barazani kabla hajaruhusiwa, jambo ambalo halikuwahi kufanywa na mwanamke wala mwanamume wa Chwale.

Asubuhi iliyofuata alipanda ukuta wake. Upepo ulikuwa mwanana na maji yalikuwa ya kupendeza. Mize akatazama kwa muda alioutaka, akaita: nje pamefungwa, ndani pamefunguka, ufukweni pamefunguka.

Wavuvi wakatazamana. Kuna aliyecheka, akauliza leo nani tena anayedanganywa. Wengine walishika ngalawa zao hawajui wazisukume au waziache. Mize alisimama palepale juu ya ukuta, hakurudia wito wala hakuwaomba. Vuai alikuwa mbele ya wote, na ngalawa yake ilikuwa imekwisha kugusa maji, imebeba mishipi ya nguru wa nje. Aliuangalia mlango wa mwamba, asione kitu chochote pale, kisha akamwangalia dada yake.

Akaivuta ngalawa ikarudi mchangani, akatoa mishipi, akaanza kupakia madema.